Ruhusa ya Kusimamisha Jeneza

Kiarie, afisa wa kanjo ya kaunti, alilipima jeneza jinsi fundi cherehani anavyompima bibi harusi. Alianza mabegani, akashuka kiunoni, akapiga goti kufikia miguuni, na kila alipopata kipimo alimtajia mwenzake kwa sauti ya upole. Everline alikuwa kando, kitambaa cha vanishi mkononi, akiamini kwamba leo Mungu amemkumbuka na serikali ya kaunti nayo imefiwa.

"Poleni sana," alimwambia. "Marehemu alikuwa mrefu?"

"Marehemu gani, mama? Hili ni bango."

Everline alicheka, akidhani ni utani wa watu wa ofisi. Kiarie hakucheka. Alikuwa kijana mpole kwa namna ya kukasirisha, wa kumfungia mtu kibanda huku akimuuliza watoto wanaendeleaje. Alimweleza polepole kwamba kitu chochote kinachosimamishwa kando ya barabara ili kuita wateja ni bango la biashara, na bango hulipiwa kwa ukubwa wake, kila mwaka, au huondolewa. Everline alimjibu kwamba bango huwa na maandishi, na hili halina hata herufi moja. Kiarie akamuuliza kama watu wakiliona wanajua hapo panauzwa nini.

"Si wanajua."

"Basi limeshasema, mama. Wengine hata wakiandika hawaeleweki."

Ada yenyewe ilikuwa kubwa kuliko bei ya jeneza, hata jeneza lingeuzwa na mtu akiwa ndani. Phares, mumewe Everline, aliyelitengeneza jeneza hilo kwa mikono yake, alikuwa ametoka kwenye ushoroba na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa maneno machache, hivi kwamba majirani walidhani anayatumia kwa wateja, na wateja walidhani anayaweka kwa mkewe. Siku hiyo alitoa mawili.

"Na likilala?"

Kiarie alifikiri. Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama viatu vyake. "Likilala ni bidhaa," akaamua. "Likisimama ni bango."

Wakalilaza.

Zamani karakana ya Phares ilitazama barabara uso kwa uso. Kisha mwenye ploti ya mbele akainua nyumba ya kupangisha, ghorofa tano, kamba za nguo kila dirisha, na karakana ikabaki nyuma yake kama mtoto aliyefukuzwa sebuleni. Kuifikia ilibidi upite ushoroba mwembamba ambao watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu na mwingine avute tumbo ndani. Mtu aliyefiwa hana moyo wa kuingia vichochoro vya Kayole akiulizia. Hununua jeneza la kwanza analoliona, akaenda zake kulia. Ndiyo maana lile moja lililosimama mdomoni mwa ushoroba ndilo lililokuwa uso wote wa biashara, na uso ukilazwa chini hakuna anayekusalimu.

Lililala, na mtaa ukaona limewekewa watu. Kui, msichana wa kuuza soseji za smoki na mayai ya kuchemsha pale kona, alikuwa wa kwanza kuwakaribisha wateja wake wakae. Waliketi watatu watatu, wakila, kachumbari ikidondoka juu ya vanishi.

"Kui, hicho si kiti," Everline alimwambia.

"Wacha wakae, mathe. Si hawa ndio wateja wako wa baadaye?"

Asubuhi moja walikuta mlevi amelala ndani yake, mikono imekunjwa kifuani kwa heshima zote. Alifumbua macho, akaona mbingu, akamwona Everline ameinama juu yake na leso nyeupe kichwani, akauliza kwa unyenyekevu kama amesamehewa. Everline akamwambia bado, arudi nyumbani akamuulize mkewe.

Phares alitoka kila jioni na msasa kufuta alama za vitunguu. Hakulalamika. Lakini tangu jeneza lilale hakuna aliyekuja kuagiza hata la mtoto, na ng'ambo ya barabara, kwa Naftaly, misumari iligongwa kutwa. Karakana ya Naftaly ilikuwa na bahati ya kutazama barabara, mlango mpana wa bluu, na majeneza yake matatu yalisimama ndani ya mlango wake mwenyewe ambako futi kamba ya Kiarie haikuwa na ruhusa ya kuingia. Yalikuwa ya mbao za kubandika kwa gundi. Jeneza la Naftaly likipata mvua makaburini, watu walisema, hugeuka uji kabla ya mchungaji kusema amina. Lakini lilionekana. Naftaly mwenyewe aliinua mkono kila asubuhi na kumwita Everline shemeji kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Kilichomkosesha Everline usingizi hakikuwa Naftaly. Kilikuwa kijana mmoja aliyeletwa na mwenye uwanja wa karakana, akapita ushorobani ubavu ubavu, akauzunguka uwanja, akapiga teke bomba la maji kuona kama lina nguvu. Alikuwa anatafuta mahali pa kuosha mikokoteni na pikipiki. Mwenye uwanja alisema bila hasira kwamba mwezi ukiisha hivi hivi bila kodi, basi. Phares alikuwa amejifunza useremala katika uwanja ule. Hakuwa na mwingine.

"Nitaenda ofisini," Everline akasema.

"Kufanya nini?"

"Kuomba."

Ofisi ya mabango ilikuwa na benchi moja na watu wa benchi tatu. Karani alimuuliza shida yake mbele ya wote, na alipomwambia, akapaza sauti kuelekea chumba cha ndani kwamba kuna mama wa jeneza. Benchi zima likasogea. Everline akapata nafasi ya kukaa, akashukuru.

Kiarie alimpokea akiwa nyuma ya meza. Alitega masikio kama mtu anayengoja kutukanwa, kwa sababu watu huja pale kwa njia mbili, na Everline hakuja kwa kelele wala kwa bahasha. Alisema tu kwamba amekuja kuomba msamaha wa sheria, kama upo. Kiarie akachanganyikiwa kidogo. Tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kuuliza kama upo.

Akafungua simu yake, akaanza kusoma kwa sauti. Mabango ya nyumba za ibada yalisamehewa. Everline alilifikiria hilo, akaliacha. Ghorofa ile ya mbele ilikuwa na makanisa mawili tayari, na yalikuwa hayasalimiani. Mabango ya shule yalisamehewa. Mabango ya kuonyesha kisima cha umma yalisamehewa. Halafu Kiarie akasoma, akiwa karibu kupiga miayo, kwamba tangazo la kifo litakalowekwa na wafiwa nje ya makao yao au mahali pao pa kazi halitalipiwa, kwa muda usiozidi wiki mbili, afisa akiridhika, naye anaweza kuongeza.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Akarudia.

"Tangazo lenyewe linakuwa la namna gani?"

"Haijasema. Picha, maua, kitu chochote cha msiba."

"Hata kikiwa kimesimama?"

Kiarie aliweka simu chini akamtazama. "Kwani mmefiwa, mama?"

"Baba mkwe," Everline akasema, akainamisha kichwa.

Na kweli alikuwa amekufa. Alikufa wakati Winny, kifungua mimba wa Everline, alipokuwa bado anatambaa, na sasa Winny alikuwa chuoni akisomea upishi. Lakini Kiarie hakuuliza mzee alikufa lini, na Everline hakulelewa kujibu asichoulizwa. Muhuri ukagongwa.

Phares alipoambiwa aliweka randa chini. Alisema mambo mengi, kwa kipimo chake. Kwamba baba yake alizikwa, akasomewa, akawekewa saruji, na hakuna mtoto mwenye akili anayemtoa mzazi wake alikolala ili akapigie debe mbao.

"Umemuua mara ya pili," alimalizia.

"Simuui. Namwandika kazi. Aliwafanyia watu wa reli maisha yake yote, atashindwa kutufanyia sisi wiki mbili?"

Phares aliokota randa yake. Lakini alipoona anagongelea picha ya mzee kwenye kifuniko, mzee na kofia yake ya reli na macho ya kukagua tiketi, alimnyang'anya nyundo akaigongelea mwenyewe, ikanyooka. Jeneza likasimama, utepe wa zambarau begani, karatasi ya muhuri imefungwa kwa plastiki miguuni. Kui akahamisha smoki zake hatua kadhaa kwa heshima.

Everline alikuwa amepiga hesabu zake vizuri sana, isipokuwa moja. Alilifikiria lile tangazo kama kitu kitakachosomwa na kanjo peke yao. Alisahau kwamba kwa watu wa kwao, waliojaa ghorofa zile kutoka chini hadi kwenye matangi ya maji, picha ya mzee na utepe wa zambarau haihitaji maelezo. Jua halijazama, kina mama wa chama walikuwa wamefika na chupa za chai. Nyuma yao vijana walibeba viti vya kanisa moja, na kwa sababu kanisa moja limeleta, la pili nalo likaleta. Watu wakakaa matanga.

Siku hiyo hakukuwa na aliyemjua mzee akiwa hai, wala aliyeshangaa kwamba seremala wa majeneza amemwandalia baba yake jeneza mapema. Waliona ni jambo la mtoto mwenye adabu. Everline alizunguka akisema asante na poleni nanyi, uso umemuwaka kama jiko. Walipotaka kuchanga akakataza kabisa. Alisema ni wosia wa mzee, hakutaka pesa ya mtu. Wakamsifu mzee. Kesho yake wakaleta sukari badala yake, na kesho kutwa sukari tena, mpaka kona ya karakana ikafanana na duka.

Mwenyekiti wa watu wa nyumbani alikuwa Mzee Otiende, mstaafu wa kaunti, mtu wa fimbo na koti hata kwenye jua. Alifika siku ya pili. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, akavua kofia, akairudisha, akamwita Everline kando.

"Mama Winny."

"Baba."

"Huyu nilimzika mimi. Nilishika kamba upande wa miguu."

Everline alitafuta pa kutazama, akakosa. Akamwambia yote, kwa pumzi moja, kanjo na futi kamba na kijana wa kuosha mikokoteni. Mzee Otiende alisikiliza akichora mchanga kwa fimbo. Kisha akavuta kiti cha mbele kabisa, kiti cha heshima, akaketi.

"Basi tumlilie sawasawa mara hii," akasema. "Ile ya kwanza kulikuwa na mvua, tukaharakisha."

Wiki mbili hizo zilikuwa za ajabu. Jeneza lilikuwa limesimama, kihalali, likionekana kutoka steji ya matatu mpaka kwenye duka la dawa, na halikuuza kitu. Wapita njia waliliona, wakafanya ishara ya msalaba, wakapunguza mwendo na kushusha sauti, na walipolipita wakavuka barabara kwenda kwa Naftaly. Phares hakuweza hata kupiga randa. Mfiwa haonekani akikata mbao kama mtu mwenye raha zake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya koti la harusi yake, akipokea mikono, na mara kwa mara, watu wasipotazama, alinyoosha kidole akafuta vumbi kwenye kiungo cha jeneza.

"Limesimama," Everline alimwambia jioni moja, kama mtu anayetetea kesi.

"Hata mimi nimekaa," akasema Phares.

Siku ya mwisho ya ruhusa Kiarie akaja mwenyewe. Alisema hakuja kwa ubaya, amekuja kuridhika, kwa sababu sheria inamtaka afisa aridhike. Mwenzake kule ofisini alikuwa amesema huenda ni janja ya kuuza. Wakampa kiti, wakampa chai na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Alikuwa amekaa hivyo, kati ya Mzee Otiende na kina mama wa chama, mwanamke mmoja alipotokea upande wa barabara.

Alikuwa na leso imefungwa kifuani na viatu vya mtu aliyetembea mbali. Aliwapa wote mkono, mmoja mmoja, hata Kiarie, akawaambia poleni. Akasema anaitwa Nthoki. Ndugu yake alianguka kwenye mjengo, ghorofa inayojengwa ng'ambo ile, akafa kabla ya kufikishwa hospitali, na Jumamosi wanampeleka Kitui. Alikuwa anapita tu. Kisha akaliona hili. Alisogea akapitisha kidole kwenye kona ya jeneza, pale mbao mbili zilipoingiana bila msumari, akapitisha tena, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

"Mama, uniwie radhi kukuuliza mambo ya sanduku saa ya machozi yako," akasema. "Ndugu yangu alikuwa mtu wa mjengo, alijua kazi nzuri akiiona. Hili mlilinunua wapi?"

Kikombe cha Kiarie kikasimama njiani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi kwenye kisosi. Phares alifungua mdomo. Everline aliona mikono yake ikiinuka magotini, ile mikono yenye vanishi kwenye kucha ambayo hakuna maji yaliyowahi kuitoa, ikielekea ushorobani kuonyesha njia.

Neno lenyewe lilikuwa moja. Hapa. Aseme hapa, na mteja wa kwanza tangu jeneza lilazwe angeingia ubavu ubavu mpaka karakanani. Na papo hapo jeneza lingegeuka bango, mbele ya afisa, mbele ya kina mama walioleta sukari, na kesho lingelala chini ya kachumbari, na mwisho wa mwezi kijana wa mikokoteni angefungua bomba.

"Ng'ambo ya barabara," Everline akasema. "Kwa Naftaly. Mlango wa bluu."

Mikono ya Phares ikarudi magotini.

Nthoki alishukuru. Lakini hakuondoka. Alifungua fundo la leso yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nyingi, akaiweka kwenye kiganja cha Everline na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Ni ya sukari tu. Najua ilivyo."

Everline alisema hapana, akasema mzee alikataza, akasema wewe ndiwe mwenye shida. Alijaribu kuirudisha, na mikono yao ikasukumana kidogo hewani. Mzee Otiende akakohoa.

"Pokea, mama," Kiarie akasema kwa upole wake wote. "Rambirambi hairudishwi."

Akapokea. Walimtazama Nthoki akivuka barabara, akisubiri pikipiki zipite, akiingia mlango wa bluu. Kiarie alikuwa ameinama, na alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

Alisema ofisini wanaongea sana. Lau hii ingekuwa biashara, mtu angeuza leo, na yeye ameona kwa macho yake mteja akifukuzwa kwa msiba. Akaomba kalamu. Aliongeza wiki mbili juu ya ile karatasi, kisha akafikiri, akaandika kwamba familia iendelee mpaka huzuni yao itakapoisha, akatia sahihi. Kabla ya kuondoka alimshika Phares bega na kumwambia baba yake alilea vizuri.

Watu walipotawanyika na viti kurudishwa, kila kimoja kwa kanisa lake, Naftaly akaja. Alikuja na sukari. Alitoa pole yake akiwa amesimama, akalisifu jeneza, akaizunguka habari, akakaa. Shida yake ilikuwa ndogo. Kuna mteja ametumwa kwake, na anamshukuru sana shemeji kwa kumtuma, lakini mama huyo amekataa yote matatu yaliyo mlangoni. Amegonga ubavu wa moja kwa kidole, akauliza kama hili litafika Kitui. Anataka kama lile la wafiwa, na analitaka kabla ya Jumamosi. Naftaly ni mtu wa gundi na misumari, hakuwahi kujificha. Sasa, kama Phares angeweza kumfanyia moja, polepole, huku nyuma, watu wasijue yuko msibani anakata mbao, angempa ujira wa fundi. Si bei ya jeneza, shemeji aelewe, kwa sababu mteja ni wake.

Phares alimngoja Naftaly amalize chai, aondoke. Alivua koti la harusi, akalitundika kwenye msumari, akachagua mbao, akaipuliza vumbi, akaitazama kwa jicho moja kuona kama imenyooka.

"Kwa hivyo nitengeneze jeneza langu," akasema, "liuzwe na Naftaly, kwa mtu aliyeliona kwangu."

"Kihalali," Everline akasema.

Phares alimtazama. Kitu kilimpita usoni ambacho kingeweza kuwa kicheko kama angekuwa mtu wa hivyo. Akashika randa.

Everline alifungua kiganja. Noti ilikuwa imelowa jasho. Aliinyoosha juu ya meza ya kazi, akaibana kwa patasi ili upepo wa ushorobani usiichukue.

"Mwekee ndugu wa Nthoki vishikio vya shaba," akasema. "Vile vizito. Na usimwambie Naftaly."